Kambare wa Tangini Hakuumbwa Kufagia

Kambare anayejulikana zaidi Afrika Mashariki ni Clarias gariepinus, yule wa matopeni anayefugwa mabwawani na kuuzwa sokoni akiwa mbichi au amekaushwa kwa moshi. Anaweza kupita urefu wa mita moja, na humeza samaki yeyote anayetosha kinywani mwake, kwa hiyo hawezi kuishi na wengine katika tangi la kioo la sebuleni. Lakini ukoo wa kambare ni mpana, na ndani yake wamo wadogo wasiomdhuru jirani. Wanaopendwa sana na wafugaji wa samaki wa mapambo ni Corydoras wa mito ya Amerika Kusini, wengi wao wakiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 7. Uchunguzi wa mwaka 2024 uliwagawa katika jenasi kadhaa, ila wauzaji na wafugaji bado wanatumia jina lile la zamani. Madukani husifiwa kwa jambo moja: kwamba hukaa chini wakala uchafu, na mwenye tangi akapumzika. Sifa hiyo ndiyo chanzo cha mateso yao. Kambare huyu ni mkazi kamili wa tangi, mwenye mahitaji yake, na anayetaka kumfuga vizuri hana budi kulipanga tangi lake kuanzia sakafuni.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye mwili wake. Kinywa kimeelekea chini na kimezungukwa na sharubu ambazo humwezesha kuhisi na kuonja kilichofukiwa asichokiona. Anapotafuta chakula huzamisha pua mchangani, mara nyingine hadi machoni, akavuta mchanga kinywani, akabakiza minyoo na mabuu ya wadudu, kisha akautoa mchanga kupitia matamvua. Huo ni uwindaji wa ustadi mkubwa, na hauna uhusiano wowote na kula kinyesi cha samaki wengine. Kinyesi hakili, na mwani ulioganda kwenye kioo haumshughulishi. Tena kila anachokula hukitoa kama taka, sawa na samaki yeyote. Kuongeza kambare ndani ya tangi chafu ni kuongeza amonia, sumu inayotoka kwenye matamvua ya samaki na kwenye vitu vinavyooza. Wanaoiondoa sumu hiyo ni bakteria wanaoishi kwenye chujio na juu ya mchanga. Hao huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati isiyo kali sana, na nitrati hupunguzwa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kujijenga, ndiyo maana tangi jipya si mahali pa kumtia kambare siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema kwamba wamemwona kwa macho yao akila mabaki ya chakula. Ni kweli, anakula. Kosa linaanza pale mtu anapodhani mabaki hayo yanamtosha. Samaki wa juu na wa katikati wakiwa wepesi, kinachofika chini ni kidogo na kimekwisha kulowa, naye kambare hudhoofika taratibu, tumbo likibonyea, huku mwenye tangi akiamini ameshiba. Kikifika kingi, maana yake mlishaji anazidisha, na kitakachobaki kitaoza. Dawa yake ni kumpa chakula chake mwenyewe: vidonge vinavyozama, pamoja na mabuu au minyoo iliyogandishwa mara kwa mara. Kitiwe jioni baada ya taa kuzimwa, wakati samaki wa juu wametulia naye bado yuko kazini.

Baada ya chakula, sakafu yenyewe. Wengi hupenda kokoto za rangi kwa sababu zinapendeza machoni, lakini kokoto humnyima kambare kazi aliyoumbiwa, na zile zenye ncha huweza kumjeruhi. Zaidi ya hayo, chakula huingia kati ya mawe mahali ambapo kinywa hakifiki, kikaoza humo, na sharubu zinazogusa uchafu huo kutwa nzima huanza kulika hadi kubaki vishina. Mchanga laini wa mtoni, uliooshwa hadi maji yatoke safi, ni bora na mara nyingi ni rahisi kuupata kuliko kokoto za dukani. Wakazi wa mwambao wajihadhari na mchanga wa ufukweni: una chumvi, na vipande vyake vya matumbawe na kombe huongeza chokaa ndani ya maji, hali isiyowafaa samaki waliozoea maji laini ya Amazoni.

Hoja nyingine husema kwamba kambare ni mgumu, kwa kuwa anapumua hewa. Corydoras kweli hupanda juu kwa kasi, hugugumia hewa na kurudi chini, na oksijeni hufyonzwa na sehemu ya nyuma ya utumbo wake. Uwezo huo humsaidia mtoni maji yanapopungukiwa na oksijeni. Haumkingi na amonia, ambayo hushambulia matamvua yake hata akivuta hewa mara ngapi. Kupanda mara mojamoja ni tabia yake ya kawaida. Akianza kupanda kila dakika, maji yana hitilafu, na hapo yanafaa kupimwa na kubadilishwa upesi.

Kuhusu idadi, samaki hawa huishi kwa makundi, na mmoja akiwekwa peke yake hujificha pembeni kwa woga. Sita wa aina moja ni kiwango cha chini kinachofaa, katika tangi la lita 80 hivi lenye sakafu pana. Urefu wa kwenda juu hauwasaidii sana. Joto nalo litazamwe kabla ya kununua. Corydoras paleatus, ambaye Charles Darwin alimkusanya katika safari ya meli ya Beagle na Leonard Jenyns akamweleza kitaalamu mwaka 1842, ametoka maeneo yenye ubaridi ya kusini na anafaa mji kama Nairobi. Dar es Salaam au Mombasa, ambako maji ya tangi hupata joto sana msimu wa kiangazi, Corydoras sterbai ndiye anayestahimili zaidi. Majirani wawe wapole na wadogo, kama neon tetra. Samaki mkubwa atakayejaribu kummeza hukwamwa na miiba ya mapezi yake, na mara nyingi hufa wote wawili.

Atauliza msomaji: kwa nini tuagize kambare kutoka mbali nasi tuna maziwa yetu? Swali ni zuri, na jibu linategemea majirani. Ziwa Tanganyika lina gogogo wa jenasi Synodontis, maarufu duniani kote kwa uzuri wao. Mmoja wao, Synodontis multipunctatus, hupenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaoatamia kinywani, kama Tetsu Sato alivyothibitisha mwaka 1986. Gogogo hao huhitaji maji magumu yenye alkali na wenzao wa ziwa hilo. Kila mmoja akae na wa maji yake; kuwachanganya na samaki wa maji laini ni kuwaonea wote.

Lipo jukumu moja la mwisho. Kambare wengine wanaouzwa kama wasafishaji, hasa Pterygoplichthys, hupita sentimita 40, na wenye matangi wakiwachoka huwatupa mtoni. Mexico na Florida wanahangaika nao hadi leo, na sisi tulishaona katika Ziwa Victoria jinsi sangara, aliyeingizwa miaka ya 1950, alivyobadilisha kila kitu. Samaki aliyekushinda mrudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Usimtie mtoni wala ziwani. Na kabla ya kununua kambare, safisha tangi kwa mikono yako, tandika mchanga, ngoja maji yakomae, ndipo uwalete sita kwa pamoja. Ukiwa unatafuta wa kukufanyia usafi, nunua mpira wa kunyonyea uchafu na ndoo. Kambare mwachie maisha yake.