Hesabu ya Sahani Moja Huanza Shambani

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Mkulima mmoja wa skimu yetu, ambaye hupeleka maziwa, viazi na minji kwenye hoteli ya mjini, alikuja ofisini na barua mkononi. Mwenye hoteli alitaka kujua ng'ombe wake hula nini, na yeye hutumia mbolea kiasi gani. "Bwana Karani," akaniuliza, "huyu ananunua maziwa, au anataka kununua shamba?"

Nilimpa kiti, maana swali lake litawafikia wengi.

Siku hizi kuna wenye hoteli wanaopima hewa inayotokana na kila sahani ya chakula. Huko Uswidi, hoteli za Max zilianza mwaka 2008 kuandika uzito wa hewa hiyo kando ya jina la kila chakula, ili mlaji achague mwenyewe.

Hewa gani? Ng'ombe akicheua hutoa hewa iitwayo methani. Mbolea ikizidi udongoni hutoa hewa nyingine. Lori na makaa hutoa hewa ya ukaa. Hizi zote huifunika dunia kama blanketi na kuzuia joto lisitoke, na mkulima ni wa kwanza kuona mvua ikibadilika. Ili zijumlishwe, zote hugeuzwa kuwa uzito wa hewa ya ukaa. Kilo 1 ya methani huhesabiwa kama kilo 27 hivi.

Kupima si kazi ya ajabu. Tuanze na jikoni. Mpishi amechoma kilo 4 za makaa kwa kupika sahani 40. Kilo 1 ya makaa ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ya ukaa. Basi kilo 4 hutoa kilo 12. Gawanya kwa 40, nawe utapata gramu 300 kwa kila sahani. Kama miti iliyokatwa imepandwa mingine, hiyo michanga huirudisha hewa hiyo polepole. Kama haikupandwa, deni linabaki.

Sasa tutazame chakula chenyewe. Mwaka 2018 wataalamu Joseph Poore na Thomas Nemecek walitoa hesabu ya mashamba 38,700 hivi katika nchi 119. Kwa kila gramu 100 za protini, yaani chakula cha kujenga mwili, nyama ya ng'ombe wanaofugwa kwa nyama ilikuwa na wastani wa kilo 50 za hewa. Nyama itokayo kwa ng'ombe wa maziwa ilikuwa na kilo 17, na mayai kilo 4 hivi. Minji haikufika hata kilo 1. Kwa vyakula vingi, safari ya lori ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa hutoka shambani.

Msomaji asidhani anaambiwa auze ng'ombe wake. Neno la kuangalia ni "wastani." Mashamba hayo hayakulingana hata kidogo. Mkulima asiye na daftari atapimwa kwa daftari la watu wengine.

Chukua ng'ombe wawili. Mmoja hutoa lita 3 kwa siku, na mwenziwe lita 12. Huyu wa pili hula zaidi na hutoa methani zaidi, lakini si mara nne. Kwa hiyo kila lita yake ina hewa kidogo, tena ina faida kubwa. Na ng'ombe akikaa miezi mingi bila mimba, yeye hucheua kila siku na ndoo ni tupu.

Basi andika mambo haya:

1. Maziwa ya kila ng'ombe, asubuhi na jioni.
2. Siku ya kupandishwa, ya kuzaa na ya kukauka.
3. Majani aliyokatiwa na chakula kilichonunuliwa, kwa kilo.
4. Mifuko ya mbolea, siku iliyotiwa na shamba gani. Na samadi huwekwa wapi.
5. Miti iliyokatwa, na iliyopandwa.

Mkulima yule alinunua daftari siku ile ile. Baada ya miezi mitatu alirudi, lakini hakuitaja ile hoteli kwanza. Alinionyesha ukurasa wa ng'ombe mmoja kati ya wanne wake, ambaye maziwa yake hayakulipa hata chakula alichonunuliwa. "Nilimpenda kwa sababu ya sura yake," akasema. Kisha akatoa karatasi ya pili, majibu ya mwenye hoteli, kila namba mahali pake.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyejua pa kuanzia na amwone Afisa wa Kilimo wa mahali pake, aende na kalamu.