LESENI YA MBWA NA PAKA: FAIDA YAKE NI NINI?

Twasikia mara nyingi watu wakinung'unika kwa habari ya leseni ya mbwa. Husema, "Mbwa ni wangu mwenyewe. Nimemlea tangu alipokuwa mtoto, hula makombo ya nyumbani kwangu, naye hunilindia mbuzi. Kwa nini basi nitakiwe kumwandikisha na kumlipia fedha? Mbona kuku wangu hana leseni?" Neno hili si la upumbavu, nalo lastahili kujibiwa kwa utaratibu. Kwa hiyo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, hasa machifu, wazee wa vijiji na waalimu, maana ya leseni hiyo na sababu zake, ili nao wapate kuwaeleza wenzao wasiojua kusoma.

Leseni ni cheti kionyeshacho jina la mwenye mnyama, mahali akaapo, rangi na alama za mnyama, na siku aliyochanjwa. Pengine mbwa hupewa na kibati chenye nambari, kikatiwa katika ukanda wa shingoni. Sheria si moja kila mahali. Katika mji kama Nairobi mwenye mbwa hutakiwa kuwa na leseni. Katika vijiji vingi hakuna leseni yenyewe, ila daftari na cheti cha chanjo. Lakini maana yake ni ile ile: mnyama ajulikane ni wa nani, na ijulikane kama amechanjwa au hakuchanjwa.

Sababu kubwa ya mambo hayo yote ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Hapa ndipo mbwa anapoachana na kuku. Kuku hawezi kuleta ugonjwa huu nyumbani. Ng'ombe na mbuzi huweza kuupata, lakini si desturi yao kuuma watu na kuueneza. Mbwa ndiye auchukuaye kutoka boma hata boma na kutoka kijiji hata kijiji. Katika kila watu 100 wafao kwa kichaa duniani, 99 wameupata kwa mbwa.

Kijidudu cha ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama akiuma, au akilamba mahali palipochubuka, kijidudu huingia mwilini, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kifike katika ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine ni juma moja tu, na pengine hupita mwaka. Katika muda huo mtu hasikii maumivu, jeraha hupona, naye hudhani ameokoka. Lakini ugonjwa ukiisha kuonekana, mgonjwa akaanza kuweweseka, akashindwa kumeza maji, tena akaogopa hata kuyaona, basi karibu sikuzote hufa. Hapana dawa ya mganga wa hospitali wala ya mganga wa kienyeji iwezayo kumponya.

Wataalamu wakadiri ya kuwa watu 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, na walio wengi ni wa Afrika na Asia. Tena katika kila watu kumi waumwao na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, wapata wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Nchini Kenya ugonjwa huu ulitambulikana kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja karibu na Nairobi, wala haujatoka tangu siku hizo.

Walakini kifo hiki chaweza kuzuiwa. Tarehe 6 Julai 1885, mtaalamu wa Kifaransa aitwaye Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alimpa chanjo aliyoitengeneza mwenyewe, na mtoto yule hakufa. Tangu siku hiyo yajulikana ya kuwa mtu aliyeumwa, akichanjwa mapema kabla kijidudu hakijafika katika ubongo, huokoka. Na mbwa aliyechanjwa kabla hajaumwa na mwenzake hawi mgonjwa, wala hawaambukizi watu.

Sasa na tuone leseni inaingia wapi katika habari hizi.

Tufikiri mtoto ameumwa na mbwa njiani aendapo shuleni. Ikiwa mbwa yule ana kibati chenye nambari, daftari litafunguliwa, na mwenyewe atajulikana siku ile ile. Cheti kitaonyesha kama mbwa alichanjwa na lini. Mbwa atafungwa na kuangaliwa kwa muda wa siku 10, na mtoto ataanza kupata sindano bila kungoja. Mbwa akiwa mzima baada ya siku hizo 10, ni dhahiri mate yake hayakuwa na kichaa siku alipouma, na mganga aweza kuzikomesha sindano. Wazazi wapata kulala usingizi.

Lakini ikiwa mbwa yule hana alama, tena amekwisha kimbilia porini, nani atajua ni wa nani? Kila mtu kijijini atasema, "Si wangu." Hapo mtoto hana budi kumaliza sindano zote, maana hapana ajuaye kama mbwa alikuwa mgonjwa au mzima. Pengine hospitali yenye dawa iko mbali, na nauli ni kubwa, na baba hulazimika kuuza mbuzi au debe za mahindi ya watoto. Wengine hushindwa katikati, huacha sindano, na baada ya miezi miwili huzika. Fedha ya leseni ni kidogo sana ikipimwa na gharama hiyo.

Iko na sababu ya pili, nayo ni hesabu. Wataalamu wamegundua ya kuwa, mbwa 70 katika kila mbwa 100 wa mahali wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita, ukafa wenyewe. Si lazima wachanjwe wote, lakini wakipungua sana chini ya hao 70, moto hauzimiki. Basi, mtawezaje kujua kama mmefika 70 katika 100, nanyi hamjui mbwa wenu ni wangapi? Mwalimu asiye na daftari la wanafunzi hawezi kujua ni nani aliyekosa kuja. Vivyo hivyo kijiji kisicho na daftari la mbwa. Tena mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi, na kila mwaka huzaliwa watoto wapya wasiochanjwa. Hesabu nzuri ya mwaka uliopita huharibika mwaka huu. Ndiyo sababu leseni hutolewa upya kila mwaka, wala si mara moja tu.

Pengine msomaji atasema, "Hayo ni maneno ya vitabuni." Basi na aangalie kisiwa cha Pemba. Huko wakazi walio wengi ni Waislamu, na mbwa si wengi. Hutumika zaidi kwa kulinda mashamba na kuwinda. Hata hivyo kichaa kilikuwako, na watu walikufa. Mwaka 2010 ilianzwa kazi ya kuchanja mbwa, na kufika mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekwisha kisiwani. Lakini mwaka 2016 uliingia tena kutoka nje, ukauma watu. Kazi ya kuchanja ikaanzwa upya kwa nguvu, na mwaka 2018 ukakomeshwa mara ya pili. Hapa pana mafunzo mawili: ya kwanza, ugonjwa huu waweza kufukuzwa kabisa katika nchi zetu wenyewe, ya pili, mbwa mmoja mgonjwa asiyejulikana atokako aweza kuharibu kazi ya miaka mingi.

Uingereza nao waliona vivyo hivyo zamani. Leseni ya mbwa ilikuwako, na mwishoni mwa karne ya 19 serikali iliamuru mbwa wafungwe midomo wakiwa njiani, na wale wasio na wenyewe wakamatwe. Kufika mwaka 1902 kichaa kilikuwa kimekwisha katika nchi ile. Mwaka 1918, vita ilipokwisha, kilirudi pamoja na mbwa walioletwa kutoka ng'ambo, na kukiondoa tena kulidumu mpaka mwaka 1922.

Wala si watu tu waumiao. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, uletao homa na degedege, uliingia katika mbuga ya Serengeti. Simba wapata theluthi moja walikufa, na wataalamu waliona ya kuwa asili ya ugonjwa ule ni mbwa wa vijiji vya kando ya mbuga. Tangu hapo kazi ya kuwachanja mbwa wa vijiji vile imefanywa miaka mingi, nayo imewafaa watu na wanyama pia. Mbwa asiyetunzwa aweza kuleta na minyoo. Katika nchi ya Turkana watu wengi wamepata uvimbe mkubwa tumboni kwa sababu ya minyoo ya mbwa wakaao nao nyumbani.

Na paka je? Wengi hudhani paka hana neno, maana ni mdogo naye hukamata panya. Lakini paka huweza kuumwa na mbwa mgonjwa, akapata kichaa, kisha akawauma au kuwapara watoto wanaocheza naye. Naye apaswa kuchanjwa na kuandikwa kama mbwa. Huko Uingereza, tangu tarehe 10 Juni 2024, kila paka wa nyumbani aliyetimiza majuma 20 sharti atiwe chini ya ngozi kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye nambari ya kumtambulisha, kama mbwa walivyoamriwa tangu mwaka 2016.

Sasa na turudi kwa yule anung'unikaye kwa ajili ya fedha, maana hapa naye ana haki yake. Ada ikiwa kubwa, watu huficha mbwa zao, na daftari huwa uongo. Katika mji wa N'Djamena, nchini Chad, mwaka 2006 wenye mbwa walitozwa fedha za chanjo, na mbwa waliochanjwa hawakupita robo. Mwaka 2012 na 2013 walichanjwa bure, wakapita 70 katika 100. Huko Uingereza leseni ilishuka thamani mpaka ikawa senti 37 tu za kwao, na bado karibu nusu ya wenye mbwa hawakuilipa. Ikafutwa kwa sheria ya mwaka 1988. Leseni isiyomfaidia mwenye mbwa kwa kitu chochote haitaheshimiwa. Kwa hiyo mabaraza yanayotoza ada yafaa yaiweke ndogo, na watu waonyeshwe wazi ya kuwa fedha yao imenunua chanjo na kulipa kazi ya daftari. Na mahali ambapo chanjo hutolewa bure, kama ilivyofanywa katika wilaya nyingi, mtu hana udhuru tena. Mwenye kumficha mbwa wake siku ile hamdanganyi karani. Amhatarisha mwanawe mwenyewe.

Haya ndiyo tunayoyasihi kwa kila mmoja:

1. Machifu na wazee wa vijiji: siku ya chanjo ikitangazwa, itangazeni mapema sokoni, msikitini na kanisani, tena nendeni ninyi wenyewe wa kwanza na mbwa zenu. Watu hufuata wanachokiona kuliko wanachoambiwa.

2. Waalimu: waambieni watoto wasichokoze mbwa alaye au anyonyeshaye, na wakiumwa au kuparwa wasifiche kwa kuogopa kupigwa. Watoto ndio wajuao mbwa wote wa kijiji; nao waweza kusaidia sana katika kuhesabu.

3. Wenye mbwa na paka: wachanjeni, waandikisheni, kihifadhini cheti pamoja na karatasi zenu za maana. Mnyama akifa au akiuzwa, toeni habari ili daftari liwe la kweli.

4. Mtu yeyote aliyeumwa: na aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Asitie majivu, wala mafuta, wala mavi ya ng'ombe, wala asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Mataifa yamepatana ya kuwa kufika mwaka 2030 asife tena mtu kwa kichaa cha mbwa, na kila tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur, dunia hukumbushwa jambo hili. Kazi hiyo haiwezi kutimizwa na waganga peke yao mijini. Itatimizwa na mzee mmoja ashikaye kamba ya mbwa wake mpaka mahali pa chanjo, na karani aandikaye jina lake bila kukosa. Kinga ni bora kuliko tiba, hivyo ndivyo wazee wetu walivyosema. Na kwa ugonjwa huu neno hilo ni kweli kupita kiasi, maana kinga ipo, na tiba haipo.