Simu Inayokula Chaji

Tuseme mwendesha bodaboda wa Kutus ametoka nyumbani alfajiri, chaji ikiwa asilimia 100. Kufikia saa nne imebaki 25. Anapiga simu moja tu, na simu inajizima. Akiichomeka kwenye umeme, inawaka na kuonyesha 18. Betri imezeeka, na inafaa ajue imezeekaje kabla ya kutoa pesa.

Ndani ya betri ya lithiamu-ioni, aina ambayo Sony ilianza kuiuza mwaka 1991, chembe za lithiamu huhamia upande mmoja unapochaji na kurudi unapotumia simu. Katika kila safari, chache hunasa zisirudi tena. Betri nyingi za simu, zikishachajiwa kikamilifu mara 500 hivi, hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake wa awali. Kwa anayemaliza chaji nzima kila siku, hiyo haifiki miaka miwili.

Uzee wa pili umejificha zaidi: umeme hupita kwa shida ndani ya betri. Simu ikitaka nguvu nyingi ghafla, kama inapotafuta mtandao hafifu, volteji huporomoka na simu hujizima ingali na chaji. Desemba 2017 Apple ilikiri kuwa, kwa sababu hiyo, ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri kuukuu.

Ukipanda kutoka Kutus kuelekea Kerugoya asubuhi ya Julai, baridi huidhoofisha betri, lakini ikipata joto kidogo hurejea. Ukiteremka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea adhuhuri, simu imefungwa kwenye usukani wa pikipiki, jua linaipiga na huku inachaji, madhara ya joto hilo hayarudi nyuma. Kati ya maadui wote wa betri, joto ndilo la kukimbiwa kwanza. Itie simu mfukoni.

Kisha fungua ukurasa wa betri kwenye mipangilio. Programu inayokula kupita zote izuie isifanye kazi chinichini, na upunguze mwanga wa skrini. Lakini chaji ikiruka kutoka 30 hadi sifuri, mipangilio haitasaidia: badilisha betri, si simu. Na mgongo wa simu ukianza kuinuka, betri imefura. Usiibonyeze, usiichaji, usiitupe motoni. Izime simu, uipeleke kwa fundi leo.