Kicheko Si Utanzu: Ramsa ya Kiingereza na Nataka ya Kisanskriti

Mfasiri wa tamthilia, kabla hajaugusa mstari wa kwanza wa mchezo anaoufasiri, hana budi kuamua jambo moja linaloonekana dogo: aandike nini juu ya jalada, chini ya jina la kitabu? Waingereza wameuita mchezo huo komedia. Katika Kiswahili tunayo maneno kadhaa yanayoigombea nafasi hiyo: kichekesho, futuhi, ramsa, na hata hilo la mkopo lenyewe. Aghalabu maneno haya hutumiwa kana kwamba ni pacha. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba si pacha, na kwamba kuyachanganya huleta hasara kwa mfasiri, kwa mwalimu, na kwa mtumishi wa serikali anayetayarisha muhtasari wa masomo au tangazo la mashindano ya uandishi.

Hasara yenyewe si ya nadharia tu. Mwaka 1969 Mwalimu Julius Nyerere alitoa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya mchezo wa Shakespeare ambao mkusanyo wa 1623 uliuweka katika fungu la komedia. Mwalimu wa shule akiwaambia wanafunzi wake kwamba kitabu hicho ni kichekesho, watakifungua wakitafuta mahali pa kuchekea. Watafika mahakamani na kumkuta Shylock, Myahudi aliyezoea kutemewa mate na kuitwa mbwa, akishindwa kesi, akipoteza mali, na kulazimishwa kuiacha dini yake. Ni kweli kwamba naye alikuja na kisu mkononi. Lakini je, hapo ndipo pa kucheka? Mwanafunzi mtiifu atacheka, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa. Istilahi isiyofaa itakuwa imemfundisha jambo ambalo mchezo wenyewe haukulisema.

Ili kulifafanua jambo hili, tumechagua kulinganisha mapokeo mawili ambayo yalikua mbalimbali bila kujuana: komedia ya jukwaa la Uingereza katika zama za Shakespeare, na tamthilia ya kale ya Bara Hindi iliyoandikwa kwa Kisanskriti. Kuyaweka bega kwa bega si jambo jipya. Sir William Jones, jaji wa Kiingereza aliyekuwa Calcutta, alipoifasiri Shakuntala ya Kalidasa mwaka 1789, alimfananisha mtunzi huyo na Shakespeare. Tangu hapo mfananisho huo umerudiwa mara nyingi. Sisi tunaurudia kwa sababu nyingine: unatusaidia kupima uzito wa maneno yetu wenyewe.

Komedia ya Waingereza

Neno komedia lina asili ya Kiyunani. Sehemu yake ya kwanza yatokana na neno lililomaanisha msafara wa shangwe, watu wanaopita wakiimba na kunywa. Sehemu ya pili yahusu wimbo. Waingereza wa karne ya 16 walilipata kwa njia ya Kilatini, kwani wanafunzi wao walisomeshwa michezo ya Warumi Plautus na Terence. Shakespeare mwenyewe alijenga mchezo wake The Comedy of Errors juu ya kisa cha Plautus kuhusu ndugu pacha waliopoteana.

Tukiichunguza komedia ya Shakespeare, twaona kwamba kinachoishikilia ni mwendo wa kisa. Mwanzoni pana vurugu: sheria kali, baba asiyekubali ndoa, ndugu anayemfukuza ndugu, au chombo kilichozama baharini. Katikati watu hujibadilisha sura na majina, na makosa huzaa makosa. Mwishoni waliopoteana hutambuana, waliokoseana hupatana, na ndoa hufungwa. Katika Twelfth Night, uliochezwa mbele ya wanasheria wa Middle Temple, London, tarehe 2 Februari 1602, Viola na Sebastian, pacha waliotenganishwa na tufani, hukutana tena, na ndoa hufuata. Hata hivyo Malvolio, msimamizi wa nyumba aliyedhihakiwa, huondoka akiapa kulipiza kisasi. Shangwe haikumfikia kila mtu.

Mwenzake Ben Jonson alishika njia nyingine. Katika Volpone, ulioonyeshwa mnamo 1606, tajiri mmoja hujifanya mahututi ili wanaotamani urithi wake wamletee zawadi. Hapa mwisho hauletwi na harusi. Mahakama ndiyo inayotoa adhabu. Kicheko kwa Jonson ni bakora ya kuwachapa wenye tamaa. Lakini mchezo huu nao uliitwa komedia.

Tena ipo The Winter's Tale, uliochezwa katika ukumbi wa Globe mwaka 1611. Mfalme Leontes humtuhumu mkewe bure kwa wivu. Mtoto wao wa kiume hufa. Mtoto wa kike hutupwa pwani ya nchi ya mbali. Baada ya miaka 16 mke na binti hurudishwa, bali yule mvulana harudi. Mkusanyo wa 1623, wenye michezo 36, uliuorodhesha mchezo huu pia katika komedia zake 14. Kumbe kwa wachapishaji wale, komedia iliweza kubeba hata kifo cha mtoto, mradi mwisho wake uwe upatanisho.

Tamthilia ya Kisanskriti

Katika Bara Hindi jambo hili liliwekewa kanuni mapema. Kitabu cha Natyashastra, ambacho mapokeo humnasibisha nacho mwenye hekima Bharata, na ambacho wataalamu wengi hukadiria kuwa kilikamilika katika karne za mwanzo za milenia ya kwanza, kinataja namna kumi za tamthilia. Tatu kati yake zatuhusu. Ya kwanza ni nataka: kisa chake ni cha kale kinachojulikana, na shujaa wake kwa kawaida ni mfalme. Ya pili ni prakarana: kisa hubuniwa na mtunzi, na shujaa huwa Brahmini, waziri au mfanyabiashara. Ya tatu ni prahasana: mchezo mfupi wa dhihaka, ambao kazi yake hasa ni kuchekesha. Mfano wake ni Mattavilasa, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 7 na mfalme Mahendravarman wa ukoo wa Pallava.

Juu ya mgawanyo huo, Natyashastra inayo dhana nyingine muhimu zaidi, nayo ni rasa. Maana ya asili ya neno hili ni maji ya tunda, utamu, ladha. Kitabu chenyewe hulifafanua kwa mfano wa jikoni: kama vile viungo mbalimbali vinavyochanganywa hutoa ladha moja anayoifurahia mlaji, ndivyo vitendo, maneno na ishara za wachezaji hutoa rasa anayoionja mtazamaji. Rasa zilizotajwa ni nane: mapenzi, kicheko, huruma, ghadhabu, ushujaa, hofu, karaha na mshangao, wataalamu wa baadaye waliongeza ya tisa, utulivu. Wasomaji wataona kwamba hapa Kiswahili hakihitaji mkopo. Neno ladha lafaa kabisa, kwani nalo limetoka mezani likaingia katika mazungumzo na mashairi.

Jambo la kuzingatia ni hili: kwa Wahindi wa kale, kicheko ni ladha moja katika nane. Chaweza kuingia katika nataka ya mfalme, katika prakarana ya mfanyabiashara, au kutawala katika prahasana. Tazama Shakuntala ya Kalidasa, nataka yenye matendo saba. Mfalme Dushyanta humwoa Shakuntala msituni na kumwachia pete. Mtawa mwenye hasira humlaani msichana huyo, hata mumewe akamsahau mpaka atakapoona ukumbusho. Pete huanguka majini. Mfalme humkana mkewe mjamzito mbele ya baraza. Kisha mvuvi huikuta pete tumboni mwa samaki, na askari wanaomkamata kwa wizi humpiga na kumtisha. Baada ya kuona mfalme amemtunza, humfanya rafiki na kwenda kunywa naye. Hicho ni kicheko safi, kimewekwa katikati ya msiba. Nataka yenyewe haikugeuka kichekesho kwa sababu hiyo.

Vivyo hivyo katika Mricchakatika ya Shudraka, prakarana yenye matendo kumi. Mwizi anayetoboa ukuta wa Charudatta, mfanyabiashara aliyefilisika, husimama kwanza kujadili ni umbo gani la tundu lililo bora, kama fundi anayejivunia kazi yake. Katika tendo la mwisho Charudatta huongozwa kwenda kuuawa kwa kosa asilolitenda, na huokolewa pale mwanamke anayedhaniwa amemuua anapotokea akiwa hai.

Mahali panapofanana na panapotofautiana

Kufanana ni dhahiri. Pete ya Shakuntala ina dada yake katika pete ya Portia wa Mabepari wa Venisi. Kukanwa kwa Shakuntala kwafanana na kukanwa kwa mke wa Leontes. Pande zote mbili kisa hutoka katika utengano na kuishia katika utambuzi. Lakini sababu si moja. Leontes hukosa kwa wivu uliozaliwa moyoni mwake; Dushyanta husahau kwa laana iliyotoka nje. Mmoja analipa deni la kosa lake, mwingine anaondolewa utando machoni.

Lugha nayo yatofautiana kwa namna inayomhusu mfasiri. Kwa Shakespeare wakubwa aghalabu husema kwa mashairi yasiyo na vina lakini yenye mizani, na watu wa chini kwa nathari. Katika tamthilia ya Kihindi wafalme na wasomi husema Kisanskriti, na wanawake walio wengi pamoja na watu wa kawaida husema lugha za Kiprakriti. Ajabu ni kwamba vidushaka, sahibu wa mfalme mwenye uroho na mizaha, ni Brahmini, na hata hivyo husema Kiprakriti. Chale wa Kiingereza kama Feste ni mtumishi anayelipwa kwa kusema kweli kwa mafumbo. Wote wawili huchekesha, lakini anayewapa jina moja hufuta tofauti ambayo mtazamaji wa kale aliisikia mara tu walipofungua vinywa.

Zaidi ya hayo, tamthilia ya Kisanskriti haina mwenzi wa tanzia. Kwa kawaida shujaa hafi jukwaani, na mchezo hufungwa kwa dua ya kuwaombea watu wote heri. Iko michache iliyo kinyume, kama Urubhanga unaonasibishwa na Bhasa, ambamo Duryodhana hufa. Basi kuiita nataka komedia, ati kwa kuwa haina mwisho wa msiba, ni kupima nguo kwa kibaba.

Mapendekezo yetu

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Ramsa litumike kwa tamthilia inayotoka katika vurugu na kuishia katika upatanisho, iwe inachekesha sana au kidogo. Neno hili hukumbusha shangwe na tafrija, nalo laafikiana na asili ya neno la Kiyunani. Tena laoana vyema na tanzia. Tanzia kwanza ni habari ya kifo, na istilahi hiyo imetokana na jinsi kisa kinavyoisha. Ni haki mwenzake naye apewe jina kwa kipimo hichohicho.

(b) Kichekesho liwekwe kwa mchezo ambao kusudi lake kuu ni kuchekesha au kudhihaki. Prahasana itafaa kuitwa hivyo. Volpone waweza kuitwa ramsa ya dhihaka, kwa kuwa Waingereza wenyewe waliuweka katika ukoo huo.

(c) Futuhi libaki kuwa jina la sifa, yaani uchekeshaji unaopatikana ndani ya utanzu wowote. Hivyo tutaweza kusema kwamba Shakuntala ni nataka yenye futuhi katika onyesho la mvuvi, na hakuna atakayepotea.

(d) Nataka, prakarana na vidushaka yakopwe kama yalivyo. Matamshi yake hayamsumbui Mswahili, na kila moja hubeba kanuni ambazo hatuna neno moja la kuzichukua. Kwa rasa tutumie ladha.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tukope maneno ya mbali ilhali tunayo yetu. Jibu ni kwamba tunakopa pale tu ambapo kitu chenyewe ni kigeni. Penye neno letu linalotosha, kama ladha, ramsa na chale, tusiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa walimu na wanaotayarisha mitihani tunashauri kwamba kila mchezo uulizwe maswali mawili mbalimbali: kisa chake kinakwenda wapi, na kinatuonjesha nini njiani? Swali la kwanza litajibiwa kwa jina la utanzu. La pili kwa jina la ladha. Mwanafunzi aliyefundishwa kuyatenganisha ataweza kuandika kwamba Mabepari wa Venisi ni ramsa, kwa kuwa wapenzi wameoana na mdaiwa ameokoka, na papo hapo aandike kwamba katika onyesho la mahakama ameonja uchungu. Majibu yote mawili yatakuwa sahihi, wala hatalazimika kucheka ili apate alama.

Mapendekezo haya tunayaleta mbele ya wasomaji ili yajadiliwe. Wenye ushahidi wa matumizi tofauti, hasa wafasiri wa michezo na walimu wanaoifundisha, wanaombwa watuandikie kabla orodha ya istilahi za fasihi haijakamilishwa.