Shanga Moja Kati ya 146

Mwaka 1904, kijana mmoja kutoka kisiwa cha Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno mjini Chicago, Marekani, alilazwa hospitalini akiwa na kikohozi na homa. Damu yake ilipowekwa chini ya hadubini, madaktari walishangaa. Seli nyekundu kwa kawaida ni za duara, zimebonyea katikati. Za kijana huyu, nyingi zilikuwa nyembamba, zimechongoka ncha na kupinda mithili ya mundu. Daktari James Herrick alichapisha habari hizo mwaka 1910, lakini hakuweza kusema ni kitu gani kilichozipinda.

Jibu lilichukua karibu nusu karne nyingine, kwa kuwa wataalamu walilazimika kushuka kutoka kwenye seli hadi kwenye molekuli, kisha hadi kwenye kipande kimoja kidogo cha molekuli hiyo. Safari hiyo ndiyo biokemia, na ni magonjwa machache yanayoifundisha vizuri kama huu wa kijana yule, unaoitwa selimundu.

Chini kabisa kuna atomi. Takriban asilimia 96 ya uzito wa mwili wa binadamu ni oksijeni, kaboni, haidrojeni na naitrojeni tu. Mwenye kazi kubwa hapo ni kaboni: atomi yake moja huweza kushikana na nyingine nne, zikiwemo kaboni wenzake, ikajenga minyororo, matawi na pete za kila namna. Zamani wanakemia wengi waliamini kuwa molekuli za viumbe hai zinahitaji nguvu fulani ya uhai, hivyo hazitengenezeki maabara. Mwaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akatengeneza urea, ile ile iliyomo kwenye mkojo, bila figo wala mnyama. Imani ile ikaanza kupwaya.

Molekuli kubwa za uhai huwekwa katika makundi manne. Wanga na sukari huleta nguvu. Mafuta, pamoja na mengine, hujenga utando unaoizunguka seli. Asidi nukleiki, yaani DNA na jamaa yake RNA, hutunza na kupeleka maelekezo. La nne ni protini, na kisa hiki kimelalia huko.

Protini ni asidi amino zilizoungana mstari mmoja, mfano wa shanga kwenye uzi. Aina za shanga ni 20. Zipo zenye chaji ya umeme, hizo hupenda maji. Zipo zenye tabia ya mafuta, hizo huyakwepa. Kwa kuwa ndani ya seli kumejaa maji, uzi hujikunja: zinazokwepa maji nyingi hujificha ndani, zinazoyapenda hubaki nje. Umbo linalotokea ndilo huipa protini kazi yake.

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya seli nyekundu, ina nyuzi nne, mbili za alfa zenye asidi amino 141 kila moja, na mbili za beta zenye 146. Kila uzi hubeba atomi moja ya chuma, na hapo ndipo oksijeni hunasa mapafuni, ikaachiliwa kwenye misuli, ubongo na kwingineko. Seli nyekundu moja husheheni molekuli hizi zipatazo milioni 270. Kabla ya kukomaa, seli hiyo hufanya jambo la ajabu: hutupa kiini chake chote, na mitokondria pia, vile viungo ambavyo seli nyingine hutumia kuzalisha nguvu kwa oksijeni. Hubaki ikijipatia riziki kwa kuvunja glukosi bila oksijeni. Yaani mchukuzi huyu hagusi mzigo aliobeba! Huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa.

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko California walipitisha umeme kwenye himoglobini ya wagonjwa wa selimundu na ya watu wasio na ugonjwa huo. Mwendo wake ulitofautiana, dalili kwamba chaji zake si sawa. Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, aliikata protini hiyo vipande vipande, na kufikia mwaka 1957 alikuwa ameipata tofauti yenyewe. Kwenye uzi wa beta, nafasi ya sita, asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Basi. Zilizobaki 145 ni zile zile.

Lakini glutamiki ina chaji na hupenda maji, ilhali valini huyakimbia, na sasa imekaa nje ya protini, mbele ya maji. Himoglobini ikiwa na oksijeni hakuna neno. Ikishaachia oksijeni, umbo lake hubadilika kidogo na kishimo kinachofaa valini hufunguka kwenye molekuli jirani. Valini huingia humo. Molekuli ya tatu hujishikiza, na ya nne, hadi nyuzi ndefu ngumu zinausukuma utando wa seli mpaka unapinda. Seli ya namna hiyo hukwama kwenye mishipa myembamba, na mgonjwa hupata maumivu makali ya mifupa na kifua. Seli hizo nyingi hufa ndani ya siku 10 hadi 20, na uboho haumudu kuzifidia. Ndiyo asili ya upungufu wa damu.

Chanzo cha yote ni herufi moja ya DNA, A iliyogeuka T. Mtoto huugua akirithi nakala yenye badiliko kutoka kwa baba na kwa mama. Mwenye nakala moja kwa kawaida huishi bila ugonjwa, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Jambo hilo lilionyeshwa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye alikuwa amegundua kwamba wenye nakala hiyo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu zenye mbu haba.

Mtoto mchanga haonyeshi dalili, maana bado ana himoglobini ya tumboni, isiyo na nyuzi za beta. Dawa ya haidroksiyurea, yenye undugu wa karibu na ile urea ya Wöhler, huurudisha mwili kwenye himoglobini hiyo kwa kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, ukihusisha watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulionyesha kuwa wanaoitumia hupatwa na maumivu mara chache, huongezewa damu mara chache, hata malaria na vifo hupungua. Dawa hiyo pia hufanya seli nyekundu ziwe kubwa zaidi, kwa hiyo kipimo cha kawaida cha damu humwonyesha daktari kama mtoto anaimeza kweli.