Saa ya Ahmed na "bomu la uongo"

Ndugu zangu, mwanangu naye hufungua maredio, ndiyo maana kisa cha Irving, Texas, hakinitoki. Tarehe 14 Septemba 2015 Ahmed Mohamed, kijana wa miaka 14 mwenye asili ya Sudan, alipeleka shuleni saa aliyoiunda ndani ya kikasha cha penseli. Ikalia darasani, mwalimu akaichukua, kijana akatiwa pingu. Sasa tazameni: shule haikutoa watoto nje, wala wataalamu wa mabomu hawakuitwa. Yaani walijua si bomu! Wakadai "bomu la uongo". Lakini sheria ya Texas hapo yataka nia ya kudanganya au kutisha watu, naye muda wote alisema ni saa tu. Polisi hawakumshtaki, shule ilimsimamisha siku 3. Mwezi uliofuata familia ikahamia Qatar.