Roketi inayorudi salama inahitaji chuma cha sufuria, na nikeli yake iko jirani na Kigoma

Julai 26, 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na Kigoma. Wabelgiji na Waingereza walikuwa wanakaribia, na hawakutaka waikute. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini grisi nzito ili maji yasizile.

Meli hiyo ilikuwa Graf von Götzen. Wengi mnaijua kwa jina la MV Liemba. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo bado inafaa, na Mei 1927 ikarudi kazini. Injini zile za mvuke zilipiga mzigo hadi miaka ya 1970, zilipobadilishwa na za dizeli.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, kampuni za anga zinahangaika na swali lile lile la mafundi wa grisi: chombo kikishapita kwenye mateso, kitatumikaje tena?

Maana roketi nyingi hutumika mara moja tu. Ikishafikisha mzigo, vipande vyake huanguka baharini au huungua njiani. Ni sawa na kununua boti mpya ya kwenda Kalemie, halafu ukifika unaichoma moto.

SpaceX ya Marekani ndiyo imesogea mbali zaidi. Roketi yake ya Falcon 9 ilitua kwa mara ya kwanza Desemba 2015, ikaanza kutumika tena Machi 2017, na sasa kuna roketi iliyoruka zaidi ya mara 30. Ila hiyo ni sehemu ya chini peke yake. Sehemu ya juu, ile inayofika kwenye mzingo wa dunia, bado hutupwa.

Kwa nini? Joto.

Pampu ya baiskeli

Chombo kilicho kwenye mzingo wa dunia hukimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, safari ya treni kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, kilomita kama 1,250 za Reli ya Kati, ingekwisha kabla ya dakika tatu.

Wengi hudhani joto la kurudi linatokana na msuguano. Sehemu kubwa siyo msuguano. Jaza upepo kwenye tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono, halafu shika chini ya pampu: ni moto, kwa sababu hewa iliyobanwa ghafla hupata joto. Chombo kinachorudi huibana hewa iliyo mbele yake namna hiyo hiyo, ila kwa nguvu ya kutisha. Kwenye pua na ncha za mabawa ya vyombo vya NASA vilivyoitwa Space Shuttle, joto lilikaribia nyuzijoto 1,600. Chuma huyeyuka kwenye 1,500 na kitu.

Vyombo hivyo viliruka kuanzia 1981 hadi 2011. Tumbo la kila kimoja lilifunikwa kwa vigae zaidi ya 20,000 vilivyotengenezwa kwa silika, vyepesi na vyenye matundu madogo madogo ya hewa. Kazi yake ni kama ya udongo ndani ya jiko la mkaa: moto unabaki upande mmoja, bati la upande wa pili linapona. Kigae kilichotolewa kwenye tanuru kikiwa kinawaka kwa ndani, mtu aliweza kukishika pembeni kwa vidole bila kuungua.

Shida ni kwamba vigae hivyo ni laini, na vingi vilikuwa na umbo la pekee. Kila safari ikiisha ilibidi vikaguliwe kimoja kimoja. Hata nafasi kati ya kigae na kigae ilijazwa kwa kitambaa maalumu, kama fundi wa Ujiji anavyotia kalafati kati ya mbao za boti. Agosti 2005, mwanaanga Stephen Robinson alitoka nje ya chombo cha Discovery kikiwa angani, akachomoa kwa mkono vipande viwili vya kitambaa hicho vilivyokuwa vimejitokeza. Hakuna aliyetaka kubahatisha. Miaka miwili kabla, Februari 1, 2003, Columbia ilisambaratika ikirudi na watu saba wote wakafa, kwa sababu kipande cha sponji kilikuwa kimetoboa ncha ya bawa la kushoto wakati wa kuruka.

Kwa hiyo vyombo vile vilirudi, ndiyo, lakini kwa matengenezo ya muda mrefu na gharama kubwa. Kutumika tena siyo sawa na kutumika tena kwa bei nafuu.

Kumbe chuma cha sufuria

Kwa chombo chake kikubwa cha Starship, SpaceX ilianza na mpango wa nyuzinyuzi za kaboni. Ni nyepesi na ni za kisasa. Kisha ikabadili mawazo na kuchagua stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ndugu wa karibu wa sufuria na sinki la jikoni.

Elon Musk alieleza mwaka 2019 kwamba kilo ya nyuzinyuzi za kaboni ni dola 135, ya stenlesi ni dola 3. Lakini siyo bei tu. Gundi inayoshikilia nyuzinyuzi huanza kulegea kwenye nyuzijoto mia moja na kitu, wakati stenlesi huvumilia hadi karibu 800. Na kwenye baridi kali, kama ya oksijeni ya kimiminika yenye nyuzijoto 183 chini ya sifuri, chuma cha kawaida hupasuka kama glasi. Stenlesi yenye nikeli huongezeka nguvu.

Vigae bado vipo, kama 18,000, lakini upande mmoja tu. Na kazi haijaisha: hadi mwisho wa 2025 hakuna sehemu ya juu ya Starship iliyowahi kurudi ikaruka tena.

Nikeli iko wapi?

Stenlesi ya aina hii ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kati ya 8 na 10. Hata injini hutegemea aloi za nikeli, kwa sababu oksijeni ya moto yenye mgandamizo mkubwa inaweza kuwasha chuma cha kawaida kama kuni.

Toka Kigoma kwa barabara ya Kasulu, Kibondo, Kakonko, uingie Ngara mkoani Kagera. Pale Kabanga (siyo Kabanga ya Kasulu yenye hospitali) kuna mwamba wenye nikeli karibu asilimia 2. Serikali ina hisa asilimia 16 kwenye Tembo Nickel, na mpango uliotangazwa ni kusafishia Kahama, ulipokuwa mgodi wa Buzwagi. Mgodi bado haujaanza kuzalisha. Ng'ambo ya mpaka, Burundi ina nikeli ya Musongati, na ujenzi wa reli ya kutoka Uvinza hadi huko ulizinduliwa Agosti 2025.

Tusidanganyane: roketi hutumia nikeli kidogo sana. Nyingi huishia kwenye stenlesi ya kawaida na betri. Swali la maana kwa Kigoma ni kama mabehewa yatapita na mzigo tu, au na kazi pia.

Na kazi yenyewe siyo ya ajabu kama inavyosikika. Mfano wa kwanza wa Starship ulijengwa nje, uwanja wa wazi kule Texas, na mafundi wa kuchomelea waliozoea matangi ya maji. Chuma kilichokuja baadaye kinaitwa 304L. Hiyo L maana yake ina kaboni kidogo, ili joto la kuchomelea lisiondoe kinga ya kutu pale kwenye kiungo. Kijana wa Mwanga anayechomelea sinki au tangi la maziwa atakuta herufi hiyo hiyo kwenye rodi za 308L dukani.